Barua ya wazi kwa Mratibu wa mradi wa barabara: Mje Katuba

Mheshimiwa Mratibu,

Tunakusalimu kwa heshima, sisi wamama tunaouza kandokando ya barabara hapa Katuba, Lubumbashi. Tumevumilia vya kutosha.

Juma lililopita mliitisha mkutano wa kusikiliza wakaaji, katika hoteli ya mjini. Tulifunga biashara, tukalipa usafiri, tukazuiliwa mlangoni eti majina yetu hayamo kwenye orodha. Karatasi iliyogawiwa ni ya Kifaransa kitupu, na haisemi nyumba zipi zitabomolewa. Msalaba mwekundu umekwisha kuchorwa kwenye ukuta wangu. Jioni tukasikia redioni kwamba Katuba imekubali mradi. Nani alikubali? Hata shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu, hakuitwa.

Mheshimiwa, ulituahidi mbele ya watu wote kwamba hakuna tofali litakaloguswa kabla hatujaketi pamoja. Tunalikumbuka neno hilo.

Pesa hizi ni mkopo, na wajukuu wetu ndio watakaoulipa. Katanga tunaijua mikopo: laini ya umeme ya Inga-Shaba, kutoka bwawa la Inga mpaka huku kwetu, karibu kilomita 1,700, ilijengwa kwa mikopo ya Marekani, ikakamilika mwaka 1982. Umeme ukaenda kwenye migodi ya shaba, na vijiji vilivyo chini ya nyaya vikabaki gizani. Nani aliwauliza?

Leo masharti yapo. Tangu Oktoba 2018 Benki ya Dunia inataka watu wanaoguswa na mradi unaotumia pesa zake wapewe habari mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wawe na mahali pa kulalamika. Wakaaji wa Kivu walipolalamikia kazi za barabara ya Bukavu-Goma mbele ya Jopo la Ukaguzi, linalopokea malalamiko juu ya miradi ya Benki ya Dunia, benki hiyo ilisimamisha malipo ya ujenzi mwaka 2017. Kifungu cha 24 cha Katiba yetu nacho kinampa kila mtu haki ya kupata habari.

Labda mnaogopa tutachelewesha kazi. Labda pesa za fidia zimepangiwa mambo mengine. Tutajuaje, hamtuambii kitu! Barabara tunaitaka, vumbi hili tunalila sisi na watoto wetu.

Tunaomba jambo moja: mje Katuba kabla ya katapila. Karatasi itangulie, iwe ya Kiswahili, ionyeshe nyumba kwa nyumba. Jumapili baada ya misa watu wote wapo. Mje, Mheshimiwa.

Muuza unga, kwa niaba ya wamama wauzaji wa Katuba