‘Sorry’ si samahani kila mara

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno moja la Kiingereza linalowaponza wafasiri wetu. Juma lililopita, katika ukurasa wako wa habari za kimataifa, nilisoma kwamba kiongozi mmoja “ameziomba radhi” familia zilizopoteza ndugu katika tetemeko la ardhi. Radhi huombwa na aliyekosa, na ardhi haikutikiswa na mtu. Nilipotafuta kauli yake ya Kiingereza nikakuta alisema “I am sorry for your loss”. Alikuwa akiwapa wafiwa pole.

Kiswahili kilishatutengea maneno haya. Pole hupewa aliyefikwa: amefiwa, anaumwa, amejikwaa, au amechoka tu na kazi. Anayeitoa huenda hahusiki kabisa na yaliyotokea. Samahani, radhi na “nimekosa” hutoka kwa aliyetenda. Kiingereza hubebesha “sorry” mizigo yote miwili, kisha hulitumia hilohilo kumwomba mtu arudie alichosema, na hata kueleza hali mbovu ya kitu. Asili yake ni “sarig” la Kiingereza cha kale, lenye shina moja na “sore”, yaani penye maumivu. Kwa hiyo pole yetu iko karibu zaidi na mzizi wa neno hilo kuliko samahani.

Utata huu umewahi kuingia hadi katika mambo ya dola. Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipoteza maisha. Ndege ya Marekani ilitua kisiwani bila ruhusa na watu wake 24 wakashikiliwa siku 11. Kilichowatoa ni barua ya Joseph Prueher, balozi wa Marekani nchini China, yenye “very sorry” mara mbili: moja kwa kifo cha rubani, nyingine kwa kuingia katika anga ya China na kutua bila idhini. China ikawaeleza wananchi wake kwamba imeombwa radhi. Marekani ikasema haijaomba radhi. Barua ilikuwa moja! Kwa Kiswahili, mwandishi angelazimika kuchagua, na huenda barua hiyo isingepita.

Australia nako, watoto wa jamii za asili walikuwa wamechukuliwa kwa miongo mingi kutoka kwa wazazi wao. Mwaka 1999 Bunge, chini ya Waziri Mkuu John Howard, lilitamka masikitiko makubwa, lakini yeye alikataa kutamka “sorry” kwa niaba ya serikali. Watu walilisubiri neno hilo hadi tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd alipolitamka bungeni. Hapo mfasiri akiandika “pole” atakuwa amewadhulumu, maana pole walikuwa wameshapewa. Walichodai ni mkosaji akiri.

Na jimbo la British Columbia, Canada, lilitunga sheria mwaka 2006 ili anayesema “sorry” asihesabiwe mahakamani kuwa amekiri kosa.

Ninachowaomba wafasiri wako ni kuuliza kwanza: msemaji ndiye aliyetenda? Kama ndiye na anakiri, aandikiwe ameomba radhi. Kama amewaendea wenye msiba asiousababisha, ametoa pole. Na kama amefumba kwa makusudi, kama ilivyokuwa katika barua ya Hainan, kitenzi “kusikitika” kipo na kinatosha. Kinambakiza msemaji palepale alipojiweka, bila kumsukumia hatia wala kumwondolea.

Taarifa ya tetemeko nayo naomba isahihishwe, ili wafiwa waliopewa pole wasomeke kuwa wamepewa pole.

Msomaji wako