Bei na nembo zisituamulie

Mhariri,

Naandika kuhusu mitazamo fiche inayoongoza manunuzi yetu. Mnunuzi husema amefuata ubora, kumbe bei na nembo zimekwisha kumwamulia. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, washiriki walionjeshwa divai ileile kwa bei tofauti. Waliisifu zaidi ilipotajwa kuwa ghali, na hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilisisimka zaidi. Hawakudanganya. Walihisi hivyo kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kwa hiyo kumhimiza mnunuzi awe makini hakutoshi. Vyama vya kutetea walaji vipime bidhaa zikiwa zimefichwa nembo na bei, kisha vitangaze matokeo. Waajiri nao wapitie maombi ya kazi bila kuona majina, maana jina nalo laweza kumwamulia mwajiri kama nembo inavyomwamulia mnunuzi, na huko anayeumia ni mtu.

Msomaji wenu