Mama Neema, usinunue simu, hamisha meza

Rau, Moshi
13 Julai 2025

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Sakina, huko Arusha, na baridi yake? Sisi huku hatujambo, ila mlima hatuuoni siku hizi, mawingu yanalala mpaka saa tano asubuhi. Baba Glory anakusalimu, watoto wazima. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu.

Picha zako za hereni, mikufu na bangili unazouza nimezitazama zote, kwanza kwenye simu, halafu nikazifungua kwenye kompyuta ili nizione kwa ukubwa. Uliniomba nikwambie ukweli kabla hujatoa hela ya simu mpya na ile taa ya duara wanayotumia wapiga video. Basi ukweli wangu ni huu: simu uliyonayo inatosha, taa usinunue, na kazi ya mikono yako ni nzuri kuliko hizo picha zinavyosema. Ninazo hapa mezani zile hereni ulizonipa, za duara, zenye mizunguko ya nyekundu na chungwa na buluu, na ule mstari mmoja mweupe karibu na ukingo. Nikizishika naona kila ushanga ulivyokaa, hakuna uliopinda. Kwenye picha yako hereni hizohizo zimekuwa duara jekundu lenye ukungu. Mteja wa Dar es Salaam hawezi kuzishika. Anachokijua yeye ni kile tu ulichomwonyesha.

Nianze na hiyo taa, maana ndiyo inayotaka kukutoa hela. Imetengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu. Usoni inajionyesha kwenye mboni za macho tu, ndiyo maana wapiga video wote wana kile kiduara cheupe machoni. Sasa shanga zako ni za kioo, na kila ushanga unarudisha mwanga unaoupiga. Ukiwasha taa ya duara mbele ya hereni, kila ushanga utajichorea kiduara chake, mamia ya viduara, na rangi ulizokesha ukizipanga zitazama chini yake. Flashi nayo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba inaacha vitone badala ya viduara. Angalia ile picha uliyopiga usiku, utaviona.

Lakini mng'ao wote usiuue, shoga yangu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanasikia kwamba mng'ao ni mbaya, wanapiga mahali penye kivuli tupu, mwanga unatoka kila upande sawasawa, na shanga za kioo zinaishia kuonekana za plastiki. Wewe mwenyewe uliniambia unalipa zaidi ili upate zile za Jamhuri ya Cheki, ambako watu wa Jablonec wamekuwa wakitengeneza shanga za kioo tangu karne ya 18. Mteja atajuaje kama picha haisemi? Kinachomwambia ni kile kialama kidogo cheupe ubavuni mwa kila ushanga, kimoja tu, upande uleule kwa zote. Alama hiyo inaletwa na mwanga mmoja mpana unaotoka pembeni. Na mwanga wa namna hiyo unao nyumbani bure: ni dirisha.

Ila si kila dirisha, na si lilelile mwaka mzima. Meru iko kaskazini mwa mji wenu kama Kilimanjaro ilivyo kaskazini mwetu, kwa hiyo dirisha linaloangalia mlima ni la kaskazini. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa digrii tatu na kitu. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba linapita upande wa mlimani, basi miezi hii, Julai ikiwemo, dirisha la mlimani linaingiza jua lenyewe, na la kusini linapata mwanga mtulivu wa mbingu bila jua. Oktoba ikifika mambo yanageuka mpaka Machi, wewe nawe unageuza meza. Kwa sasa hamia kwenye lile dirisha la kusini, la chumba cha watoto. Sebuleni umekuwa ukipiga pale jua linapogonga meza, ndiyo maana kivuli cha hereni ni cheusi na kina makali kama kimekatwa kwa mkasi.

Kama chumba cha watoto hakiwezekani, tundika kitambaa cheupe chepesi mbele ya dirisha lenye jua. Shuka jeupe kuukuu linafaa. Mimi langu nililiokota kwenye mitumba pale Memorial. Hakikisha ni jeupe kweli, maana kitambaa chenye rangi ya maziwa kitakupaka unjano kila kitu. Na haya mawingu mnayoyalalamikia Arusha mwezi huu mzima, kwa kazi hii ni neema: anga lote linakuwa pazia. Saa tatu asubuhi hadi saa sita kukiwa na mawingu, piga kazi zako zote za mwezi.

Ukisogeza meza dirishani, zima balbu ya chumbani hata kama unaona haisumbui. Jicho letu linazoea, simu haizoei. Mwanga wa balbu ni wa njano, wa dirishani una ubuluu, na ushanga mweupe ukikaa katikati unakuwa na upande mmoja wa maziwa na mwingine wa chai. Ukuta wenu wa kijani nao unatupa ukijani wake mezani, huo ndio niliouona kwenye zile shanga nyeupe za mkufu.

Dirisha liwe kushoto au kulia kwako, usilipe mgongo. Upande wa pili wa hereni simamisha kadi nyeupe, hata ubavu wa boksi uliogandishwa karatasi nyeupe, ili urudishe mwanga kidogo kule kwenye kivuli. Isogeze karibu, isogeze mbali, uone kivuli kinavyolainika na kukolea, usimame pale moyo wako unaporidhika. Kwa mikufu myeupe fanya kinyume: weka kadi nyeusi pembeni, shanga nyeupe zitapata ukingo mweusi mwembamba na hazitapotea.

Sasa kanga. Naelewa kwa nini uliitandika chini, ni nzuri na ni ya kwetu. Lakini mtu akiiona picha anaanza kusoma maneno ya kanga, akimaliza maua, ndipo anakumbuka kuna hereni. Gunia la kahawa nalo nimeona wengi wakilitumia. Chini ya kikapu linapendeza, chini ya hereni nyuzi zake ni nene kuliko shanga, na kazi ya mkono inaonekana ya kitoto. Kitu kidogo kinataka chini pawe kimya. Nunua manila ya kijivu kwenye duka la vifaa vya shule, igandishe ukutani kwa selotepu, iache iteremke ikunjike yenyewe mpaka mezani bila kona. Hakutakuwa na mstari kati ya meza na ukuta. Karatasi ya kaki ya kujaladia madaftari inapendeza na shanga za buluu na nyeupe. Za rangi ya chungwa zinafifia juu yake.

Utaniuliza kwa nini kijivu na si nyeupe kama maduka makubwa ya mtandaoni. Sababu iko ndani ya simu. Kamera inajipangia mwangaza kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ikiona karatasi nyeupe tupu inaipunguza mwanga, karatasi inatoka na rangi ya majivu na hereni zinakuwa na giza. Ukiongeza mwangaza ili karatasi iwe nyeupe, nyekundu yako inafura. Na nyekundu, Mama Neema, ndiyo rangi inayozisumbua kamera za simu kuliko zote. Ikizidi kidogo tu, simu inashindwa kutofautisha ushanga na jirani yake, wote wanaungana kuwa bonge moja. Ndicho kilichozipata hereni zako. Kwa manila ya kijivu ugomvi huo unaisha. Gusa skrini juu ya hereni na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole kushuka ili upunguze mwangaza taratibu, macho yako yakiwa kwenye nyekundu, mpaka uione mipaka kati ya shanga na shanga. Hapo piga. Picha ikionekana na giza kidogo utaiongezea mwanga baadaye. Nyekundu iliyokwisha fura hairudi.

Mengine ya simu ni mepesi. Futa lenzi kwa kitambaa cha miwani, ule ukungu kwenye picha zako nusu yake ni mafuta ya vidole. Usiisogeze simu mpaka igusane na hereni. Ukisogea sana, shanga za karibu zinakuwa kubwa kuliko za mbali, duara linageuka yai, na ukingo unakuwa na ukungu. Rudi nyuma kidogo, tumia ile zumu ya mara mbili (2x) ya kamera. Simu iegemeze kwenye kopo la mchele, weka taima ya sekunde tatu, uondoe mkono.

Kabla ya kupiga, zipitie hereni kwa brashi laini. Kwa ukubwa wa skrini unywele unakuwa kamba, na vumbi hilo la Arusha linaonekana punje kwa punje. Ukitaka hereni isimame wima, bandika kipande kidogo cha nta nyuma yake, kisha uitoe taratibu.

Bangili za shaba zina shida yake. Shaba iliyosuguliwa inachukua chumba kizima, na kwenye ile bangili yako pana naiona kanga yako ya njano, dirisha, hata mkono ulioshika simu. Chukua dumu la maji la plastiki nyeupe, ile inayopitisha mwanga, ukate kitako na upanue mdomo kidogo. Lifunike juu ya bangili hapohapo dirishani, upige kupitia mdomoni. Bangili itaona weupe tu pande zote, na lenzi itaonekana kama kidoa cheusi. Sogeza bangili kidogo mpaka kidoa kiende mahali ambapo kinasaidia kuonyesha mviringo. La mafuta ya kula usilitumie, ni la njano.

Picha moja kwa kila kitu haitoshi. Ya kwanza iwe hereni zenyewe, zote mbili, zimenyooka. Ya pili ya karibu sana, shanga zihesabike. Ya tatu mgongo, maana mgongo wako ni safi, uzi umefichwa, na fundi mvivu hathubutu kuuonyesha. Ya nne sikioni, na hiyo ndiyo itakayokupunguzia ugomvi na wateja. Picha haina saizi: hereni ya sentimita 3 na ya sentimita 7 zinajaza skrini sawasawa. Watu wanaweka sarafu pembeni, lakini mteja wa nje shilingi 200 ataijuaje? Sikio kila mtu analo. Neema anaweza kukuvalia, piga shingo na sikio tu, uso hauhitajiki. Na sentimita zenyewe ziandike kwenye maelezo.

Filta achana nazo kabisa. Ongeza mwanga kidogo, kata pembeni, basi. Mteja aliyeagiza chungwa akapokea nyekundu hatarudi, hata kama nyekundu hiyo ni nzuri. Ukimaliza kuhariri, zishike hereni pembeni ya skrini palepale dirishani, ulinganishe rangi kwa macho yako.

WhatsApp inazikamua picha zikitumwa kawaida. Tangu 2023 kuna alama ya HD juu ya picha kabla hujaituma, ibonyeze. Kwa mteja anayetaka kuona kila kitu, tuma kama dokumenti, inafika kama ilivyo.

Anza na hereni nyekundu, maana ndizo ngumu, zikikubali nyingine zote zitakufuata. Nitumie moja kwanza kabla hujapiga mzigo mzima, nami nitakujibu siku hiyohiyo. Hela ya simu nunulia shanga.

Na ile bangili pana ya shaba usiiuze. Niwekee, nakuja Arusha mwisho wa mwezi huu, nitaichukua na kukulipa bei ya mteja.

Rafiki yako,
Mama Glory