Kahawa ya kijiko: barua kwa mdogo wangu aliyeanza kazi wodini

Mdogo wangu,

Voisi yako ya dakika sita niliisikiliza juzi nikiwa kwenye feri ya Likoni, mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili sikucheka. Wasema wiki yako ya kwanza wodini umeona wagonjwa kumi na mmoja wa kiharusi na saba kati yao umewaandikia "vinywaji vizito tu" kwenye faili, yaani vya kukorogewa unga ili vishuke kooni polepole, sista wa zamu akakusifu ati wewe huna mchezo. Nkajiona mimi kabisa, miaka ile. Sasa nakujibu hapa mbele za watu badala ya kukutumia wewe peke yako, manake najua wako wengine kama wewe, therapisti wa usemi na umezaji mmoja hospitali nzima, hana hata mwenzake wa kumuuliza "hebu njoo uone hii".

Ngoja nikupe ya babu mmoja. Alikuwa mtu wa bandarini, kastaafu, anakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, kiharusi kikampiga. Nkampa glasi ya maji, akakohoa. Nkampa tena, akakohoa. Basi, nkaandika kila kinywaji kiwe kizito, nkamwonyesha binti yake jinsi ya kukoroga ule unga, nkaondoka nikiona nimeokoa mapafu ya mtu. Kazi ya dakika ishirini.

Babu huyu kila alasiri tangu ujana wake alikuwa akikaa barazani na wenzake, muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe vyake vikigongana, kahawa tungu, vikombe viwili vitatu na kipande cha kashata. Binti akamtilia unga kwenye kahawa kama nilivyoagiza. Babu akatia kijiko, akainua, ikawa yashuka polepole kama uji wa mgonjwa, akauliza "kahawa gani hii ya kijiko?" akaisukuma kando. Kesho yake hakutoka kwenda barazani, na kesho kutwa pia. Wiki ya tano binti kamleta, midomo imepasuka, mkojo rangi ya chai ya rangi, maneno yamchanganyika mpaka wakadhani kiharusi kimerudi, kumbe ni kiu tu, mtu alikuwa hanywi. Binti akafungua mkoba akanitolea ule mkebe wa unga niuone, haujatumika hata robo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Sasa nilijua nini mimi siku ile? Nilijua kakohoa, basi. Tulipokuja kumfanyia eksrei ya video, ile mtu anapewa kinywaji kilichochanganywa na bariamu halafu unaona kinavyopita, ikawa wazi. Akinywa funda kubwa maji yatangulia kabla koo halijafunga njia ya hewa, lakini akinywa funda dogo yapita safi yote, sekunde haiishi yashafika kwenye umio, ile njia ya chakula. Funda dogo, wajua, la kikombe cha kahawa! Mimi nilimpima kwa glasi.

Na usidhani kukohoa kunadanganya upande mmoja tu. Kuna mama wa Kisauni nilimpitisha mwenyewe, alikunywa maji kama anajaza mtungi, hajakohoa hata kidogo, sauti iko vilevile, nkaandika yuko sawa. Kalazwa na nimonia, katoka, kalazwa tena. Daktari wa masikio, pua na koo alipompitishia kamera puani nkasimama nyuma yake kutizama, maji yale yamekaa juu ya nyuzi za sauti, yakashuka chini yake, na mama amekaa tu ananitizama, hajashtuka. Sisi mtu akipaliwa mezani kila mtu ajua, macho yamtoka, apigwa mgongo, watoto wacheka. Huyu alikuwa anapaliwa kimyakimya na hata yeye hajui. Hilo hulipati kwa macho wala kwa kusikiliza wala kwa kumgusa kooni na kijiti uone kama atataka kutapika (hiyo iache kabisa, wako wazima kibao ukiwagusa hawashtuki na wanakula biriani zao vizuri tu).

Halafu sikiliza watu wanavyosema, lugha yetu yakupa nusu ya kazi bure. Anayesema "napaliwa" na anayesema "chakula chanisakama" si wagonjwa wa aina moja. Wa kupaliwa ni njia ya hewa. Wa kusakamwa, hasa kama ni nyama na mkate na maji yapita sawa, huenda tatizo liko chini kwenye umio, ata kama yeye akuonyesha shingoni, manake kilichokwama kifuani mara nyingi mtu akihisi kooni. Huyo usikae naye na mazoezi ya ulimi wiki sita, mpeleke kwa daktari akaangaliwe.

Turudi kwa vile vizito. Sikwambii usiviandike, nami bado naviandika. Kwenye video utaona mwenyewe kizito kweli chapunguza kupaliwa kwa wengi, chaenda taratibu, koo lapata muda wa kujifunga. Lakini kupunguza kupaliwa si sawa na kuzuia nimonia. Kulikuwa na utafiti mkubwa Marekani ulitoka 2008, wagonjwa 515 wa Parkinson (maradhi ya kutetemeka) na wa maradhi ya kusahau, wengine wakipewa vizito wengine wakinywa maji ya kawaida wameinamisha kidevu, miezi mitatu nimonia haikutofautiana kwa maana, na upande wa vizito ndio uliokuwa na ukosefu wa maji, homa na maambukizi ya mkojo zaidi. Kabla yake Susan Langmore, huyohuyo aliyetuletea kipimo cha kamera ya puani 1988, alitoa kazi yake 1998 baada ya kuwafuatilia wazee 189. Kilichoonyesha zaidi nani atapata nimonia ni yule anayelishwa na mtu mwingine, anayesafishwa mdomo na mtu mwingine, na mwenye meno mabovu. Mdomo, mdogo wangu! Siku ile babu aliporudishwa ndiyo mara ya kwanza nilimfungua mdomo nikachungulia kwa tochi ya simu, shavu la upande uliopooza limejaa wali, wali wa jana, na ulimi una utando mweupe. Wiki tano nzima tumehangaika na unga na hakuna aliyempiga mswaki. Kwa hivyo kesho ukifika wodini, kabla ya kikombe, tochi.

Na vizito vyenyewe, wavijua? Wewe umeandika "vizito", sista kakoroga anavyoona yeye, mke wa mgonjwa kakoroga anavyoona yeye. Chukua viwango vya IDDSI, vile vya kimataifa vya uzito wa vinywaji na vyakula, vya 0 mpaka 7, halafu nenda kwa chemist ununue sirinji ya mili 10, lakini beba rula, manake sirinji si zote sawa, kutoka kwenye 0 mpaka 10 iwe milimita 61.5. Ziba tundu la chini kwa kidole, jaza kinywaji mpaka 10, achia kidole, hesabu sekunde 10, ziba tena. Zikibaki mili 1 mpaka 4 hiyo ni kiwango cha 1, 4 mpaka 8 ni cha 2, ikizidi 8 na bado inashuka ni cha 3. Mimi nilifanya hivyo na uji wa wimbi wa hapa nyumbani na nikapigwa na butwaa, ukiwa moto ni kitu kimoja, ukipoa robo saa ni kitu kingine kabisa, na ndio uleule sufuria moja. Tena uji na ule unga wa wanga wayeyushwa na mate, mgonjwa akirudisha kijiko chenye mate kikombeni mara kadhaa, nusu ya pili imeshakuwa nyepesi, na wewe umeandika kizito ukaenda zako lanchi.

Hayo ndiyo yanayokukuza kazini, si vyeti. Naona watu wamekazana na kozi za wikendi, mashine za kubandika shingoni zapiga umeme, ukuta mzima vyeti na hajawahi kumuuliza mgonjwa nyumbani kwake hula nini. Weka daftari. Kila mgonjwa andika unadhani nini kinatokea kooni, kabla ya eksrei au kamera, halafu andika kilichoonekana. Langu la mwaka wa kwanza ni aibu tupu, lakini bado ninalo, ntakuonyesha.

Babu tulimbadilishia. Mswaki mara tatu kwa siku, maji matupu anywe kati ya milo mdomo ukishasafishwa, akae wima, funda dogo. Kahawa tulikaa kikao, yeye na binti na mwanawe wa kiume, nkawaeleza hatari iko wapi na imepungua kiasi gani, babu akasikiliza mpaka mwisho akasema "nipe kikombe changu". Nkaandika kwenye faili kwamba ni uamuzi wake na ameuelewa. Zamani ningeandika "mgonjwa amekataa ushauri".

Jumamosi njoo kwangu Tudor, uje na sirinji mbili. Uji mamako atatupikia, nshamwambia. Usinywe kitu njiani, manake siku hiyo kila utakachokunywa kitakuwa kizito mpaka jioni, ata maji ya dawa, nami nakutizama, halafu Jumatatu uwarudie wale wako saba.

Dadako