Mjomba, kioo cha Kombi kisizibwe

Mjomba mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Bombo. Nimesikia fundi wako huko Jinja ameshakata shauri: kioo cha mbele cha Kombi yako, lile basi dogo la Volkswagen, upande wa dereva, hakifunguki, basi akizungushie silikoni kibaki hivyo daima. Tafadhali mzuie. Naandika hadharani kwa sababu wenye magari ya zamani wengi hushauriwa vivyo hivyo.

Kombi za vioo viwili vya mbele zilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1950 hadi 1967, na nyingi zilikuwa na vioo visivyofunguka. Vya kufunguka viliagizwa kwa nyongeza, na vilifaa sana nchi za joto. Fremu kama hiyo ukiiharibu, utaisaka kwa wauza spea wa Kampala mpaka uchoke.

Kwanza tazama kama kuna aliyewahi kuipaka rangi juu ya mwanya au kuikaza kwa skrubu. Rangi ikatwe kwa wembe, taratibu. Kisha bawaba za juu na mikono ya pembeni inayoshikilia kioo kikiwa wazi itiwe mafuta ya kulegeza kutu, ilale hivyo usiku kucha, na itiwe tena asubuhi. Mafuta hayo yasiguse raba inayozunguka kioo, maana huivimbisha na kuiozesha. Raba yenyewe ipake maji ya vuguvugu yenye sabuni, halafu pitisha mshipi wa kuvulia samaki kati yake na fremu, ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo, kwa kuwa mara nyingi kilichoganda ni raba, wala si chuma. Usiharakishe.

Ikishaachia, watu wawili wakae ndani na kusukuma pembe zote mbili za chini kwa pamoja, viganja vikiwa kwenye fremu, si katikati ya kioo. Bisibisi isiingizwe pembeni hata kidogo! Fremu ikipinda, mvua itaingia hata ukiweka raba mpya, na kioo chenyewe chaweza kupasuka.

Kikifunguka, piga msasa kutu yote, paka rangi ya kuzuia kutu, bawaba zipate grisi. Raba mpya ipakwe poda isigandamane tena, na kioo kifunguliwe mara kwa mara hata msimu wa mvua.

Raba ya zamani usiitupe, mjomba. Nitahitaji kipande chake nitafute inayolingana nayo.

Mpwa wako