Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: waandishi wetu wa kujitolea na suala la majina

Wazee wetu, dada na kaka, ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka mwingine, na nawashukuru mliofika leo pamoja na wale waliotuma udhuru mapema.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitazikalia. Tumechapisha makala 63 kuhusu muziki wa kwetu na wanamuziki wake kwenye tovuti yetu. Mafunzo ya uandishi yalifanyika mara mbili, hapa Kisumu na Kakamega. Mwezi wa Mei tulimkumbuka D.O. Misiani, mwanamuziki wa bendi ya Shirati Jazz, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2006. Tuliwahoji wapigaji wa isukuti wa Isukha na Idakho, Waluhya wa Kakamega, ambao ngoma yao UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Na kwa wanaoendelea kuuliza mbona hatuweki nyimbo zenyewe, jibu ni lile lile la mwaka jana: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwenye rekodi kwa miaka 50, nasi hatuna leseni. Kazi yetu ni kuandika, si kusambaza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeleta maneno mengi, mengine yakisemwa nikiwepo na mengi zaidi nikiwa sipo.

Mwezi wa Aprili kamati iliamua mambo mawili. Kwanza, kila makala yatoke na jina halisi la aliyeyaandika, pamoja na maelezo mafupi ya yeye ni nani na anatoka wapi. Pili, mwandishi aseme waziwazi kama ana undugu na mwanamuziki anayemwandika, au kama amepokea chochote kutoka kwake, hata iwe nauli au sahani ya samaki. Kabla ya hapo makala yote yalitoka kwa jina la chama, na msomaji hakuwa na njia ya kujua nani anasema naye.

Wengi wenu mnajua kilichotufikisha hapo. Yalitoka makala ya kuisifu bendi moja ambayo sitaitaja, sifa tupu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba mwandishi alikuwa amepewa bahasha ya pesa. Kisha msomaji mmoja akapiga simu kutoka Bondo. Hakulalamika wala hakufoka. Aliuliza tu, kwa adabu, bei yetu ni ngapi, kwa sababu kaka yake ana bendi na angependa naye aandikwe. Simu ile niliipokea mimi. Sitaki mwenyekiti mwingine wa chama hiki aipokee.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya uamuzi wetu ilitolewa na mzee wetu mmoja, na nitaijibu kwa heshima anayostahili. Alisema: kwenye ohangla na benga, muziki wetu wa Wajaluo, watu hulipa ili watajwe. Mtu anainuka, anausimamisha muziki, anatoa noti, anajisifu au anamsifu shemeji yake, halafu ngoma inaendelea. Hiyo ni pakruok, tumeikuta na tutaiacha, na hakuna aliyewahi kuiita hongo. Iweje mwandishi akitoa sifa kwa malipo aonekane mwizi?

Mzee amesema kweli kuhusu pakruok. Mimi pia nimeinuka nikatoa noti yangu, na jina la mama yangu likatajwa mbele ya watu, na nilifurahi. Lakini tuangalie inavyofanywa. Noti inaonekana. Anayetoa anaonekana. Kila aliyeketi pale anajua kwamba sifa zile zimelipiwa, na anajua zimelipiwa na nani. Bahasha haiko hivyo. Inapita chini ya meza, na mtu wa Bungoma au Homa Bay anayesoma makala anadhani ni maoni ya mtu aliyeketi akasikiliza muziki kwa masikio yake. Hatukukataza pakruok. Tumesema ifanywe jinsi wazee walivyotufundisha, hadharani. Mwandishi akipewa kitu na aandike kwamba amepewa, nami nitayachapisha makala yake bila kinyongo.

Wengine walihofia usalama. Hofu hiyo si ya bure. Dada yetu aliyeandika kuhusu nyimbo zinazowadhalilisha wanawake alitukanwa na mashabiki kwa wiki nzima. Ndiyo maana tuliruhusu watu wawili watumie lakabu, ilimradi kamati inawajua. Pendekezo hilo nililileta mimi, jambo ambalo wanaonisema hawalitaji.

Na kuna wanaosema niliamua peke yangu. Kamati ina watu saba, akidi ni wanne, na wanne tulikuwepo. Wote saba niliwapigia simu mwenyewe siku mbili kabla. Kumbukumbu za mkutano ziko kwa katibu, anayetaka azisome.

Ni kweli wanachama wanne waliacha kuandika baada ya uamuzi huo, na nasikitika kuwapoteza, hasa mmoja wao ambaye kalamu yake ilikuwa nzuri kuliko zetu. Lakini tangu Aprili hakuna aliyeniuliza bei.

Kwa kuwa sasa tunaandika kwa majina, ni haki mjue ni akina nani wanaoibeba kazi hii. Kati ya makala 63, 44 yameandikwa na watu sita. Majina yao nimeyabandika mlangoni. Hapa nataja kazi zao, maana wengi wenu hamjawahi kuwashika mkono.

Yupo fundi redio wa Kondele. Jumapili hupita soko la Kibuye akitafuta santuri za zamani katikati ya vyuma chakavu. Akizipata huziosha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, anazifuta kwa pamba akifuata mkondo wa mifereji, kisha anazisimamisha ukutani zikauke kabisa kabla ya kuziweka kwenye mashine. Ndiye aliyetufundisha kusikiliza pande zote mbili. Santuri nyingi ndogo za benga za miaka ya 1970 zilikata wimbo mmoja vipande viwili, na anayeishia upande wa kwanza huyakosa magitaa yanayofunguliwa mwishoni, ambayo ndiyo benga yenyewe. Karatasi ya katikati ina jina la bendi na la mtunzi, lakini mpiga besi hatajwi. Kaka huyu hupanda matatu hadi Awendo na Rongo kuwauliza wazee nani alishika besi siku ile. Wajane wawili wamesoma majina ya waume zao kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Nauli hujilipia mara nyingi kuliko anavyodai.

Yupo muuguzi wa Kakamega, anayeandika kuhusu omutibo, muziki wa gitaa wa Waluhya, akitoka zamu ya usiku. Kupitia kwake wasomaji wetu wa kando ya ziwa wamemjua George Mukabi wa Kisa, aliyeuawa mwaka wa 1963 akiwa bado kijana, na kundi la Abana ba Nasery wa Bunyore, waliopata sauti kwa kugonga chupa ya Fanta. Alituletea chupa hiyo kwenye mafunzo, ile ya kioo ya zamani yenye migongo, akaonyesha tofauti ya kuigonga na kuikwaruza kwa kipande cha chuma. Vijana walinyamaza wote.

Mwalimu wa Bungoma anaandika kuhusu litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, na yeye ndiye ushahidi wangu. Makala yake ya mwezi wa Juni yalianza hivi: mpiga litungu ninayemwandika hapa ni mjomba wangu, na nililala kwake siku mbili nikila chakula chake. Hakuna msomaji aliyemdharau. Ndiyo makala yaliyosomwa zaidi mwaka huu.

Mama yetu wa Dunga anauza samaki, na hana muda wa kuketi na kuandika. Hutuma sauti yake kwa simu asubuhi kabla ya wateja kufika, na katibu huiandika neno kwa neno. Alizungumzia nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, akamkumbuka Ayub Ogada aliyetuacha mwaka wa 2019. Kisha akauliza kwa nini chombo kilichokuwa cha wanaume kwa desturi kilimpokea Eriko Mukoyama, Mjapani tunayemwita Anyango, huku mabinti wetu wengi wakiwa bado hawajakigusa. Swali hilo bado linajibiwa.

Yupo pia mwanafunzi wa Maseno, anayetuandikia kuhusu vijana wanaorekodi vyumbani mwao, muziki ambao baadhi yetu wazee hatuuelewi lakini lazima tuuandike. Wa sita ni mimi.

Niseme sasa kuhusu ada na mahudhurio, maana hapa naumia. Wanachama walioandikishwa ni 34. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka, na tulitarajia 81,600. Waliolipa zote ni 11, ambao wametoa 26,400. Wengine wametoa kidogo kidogo, jumla 9,800. Mapato yote ni 36,200. Matumizi: tovuti 14,500, ukumbi na chai 9,000, nauli za waandishi 16,300, jumla 39,800. Pengo la shilingi 3,600 nimelijaza kutoka mfukoni mwangu, na mweka hazina anayo risiti ya M-Pesa. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu kuna waliouliza mbele ya watu pesa za chama zinakwenda wapi, na wawili kati yao hawajatoa hata shilingi tangu Januari.

Mikutano ya kila mwezi ilikuwa ya kusikitisha. Mwezi wa Agosti tulikuwa watano, na muuguzi wetu alikuwa ametoka Kakamega kwa nauli yake wakati wanachama wa Nyalenda na Milimani walikuwa nyumbani. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu ana maoni. Viti ukumbini ni vitupu. Uamuzi wa Aprili unalalamikiwa zaidi na watu ambao, kama wangefika siku ile, wangeupigia kura ya kuupinga.

Mwaka ujao tunatumaini kuwafikia wanamuziki wa Nakuru na Kisii, kupata kinasa sauti kizuri kuliko simu zetu, na Mungu akijalia kukusanya makala bora katika kijitabu. Tunaongea pia na marafiki kadhaa kuhusu chumba cha kuhifadhia santuri za Kondele, ambazo sasa ziko chini ya kitanda cha fundi wetu. Mazungumzo yakikomaa mtajulishwa.

Nafasi ya mhariri msaidizi bado iko wazi. Anayeitaka anione baada ya mkutano, akiwa amelipa ada.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti
Kisumu