Msitusifu kwa kutibu wagonjwa wetu peke yetu

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu linaingia nyumbani kwangu tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile taarifa yenu juu ya familia za Lubumbashi zinazotibu apnea ya usingizi, ule ugonjwa wa pumzi kukatika mtu akiwa amelala, nyumbani imenichoma. Mwandishi wenu ametupigia makofi. Amesema tuna "ujasiri", kwamba tiba sasa iko mikononi mwa familia, kwamba mtu akishanunua mashine ya kusukuma hewa na kuvaa maski, shida imekwisha. Picha ilimwonyesha mzee amelala na maski usoni, mke wake pembeni anatabasamu. Mimi ni mke wa mgonjwa kama huyo, nakaa Katuba, na nataka wasomaji wenu wajue mke huyo anakesha akifanya nini.

Mume wangu ni dereva wa malori. Kwa miaka amebeba shaba mpaka Kasumbalesa na kuvuka kuingia Zambia. Alikuwa anakoroma hata majirani wanasikia, na watu wakisema ni usingizi wa mtu aliyechoka na kazi. Mimi niliyelala naye nilikuwa nasikia jambo jingine. Mkoromo unakatika ghafla, kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Koo linalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka ndani ya damu, ubongo unamgutusha kidogo apumue, kisha yanaanza upya. Mchana anasinzia na kijiko mkononi. Mwajiri wake wa zamani alimpeleka Johannesburg kwa sababu ya presha iliyokataa kushuka, na huko wakamlaza usiku mzima na nyaya kichwani, kifuani na kidoleni. Karatasi aliyorudi nayo ilisema pumzi yake inakatika au kupungua mara 41 kwa saa. Kuanzia 30 wanauita ugonjwa mkali. Iliandikwa pia nguvu ya hewa anayohitaji, 11 kwa kipimo chao cha sentimita za maji, na chini kabisa: aonwe tena baada ya mwezi mmoja. Aonwe na nani? Mwajiri yule alikuwa ameshafunga shughuli zake hapa, na nauli ya Johannesburg hatuna.

Mashine tuliinunua kwa mfanyabiashara wa mjini anayeleta vitu vilivyotumika Ubelgiji. Ilikuwa bado imepangwa kwa mwenyewe wa kwanza, kwenye 16, na hakuna aliyetuambia. Mume wangu akawa anaamka tumbo limejaa hewa, limekaza, macho mekundu kwa sababu ya upepo unaovuja juu ya maski. Alfajiri naikuta maski chini ya kitanda. Nikampigia simu muuzaji. "Atazobelea tu, mama," yaani atazoea. Nikamwuliza habari ya maji ya kutia kwenye kile kisanduku cha unyevu. Akasema nitie yale ya batri ya gari. Maji ya batri yaende kwenye mapafu ya mtu! Nikamwuliza kama mashine zake zimo kati ya zile ambazo kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha Juni 2021, mamilioni kwa mamilioni, kwa kuwa sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani ilikuwa inaoza na vipande vyake vinaweza kuvutwa na mgonjwa. Alikuwa hajasikia kabisa. Makontena yanaingia, vitu vinauzwa, na hakuna anayeangalia namba ya mashine hata moja.

Mwanangu wa pili, anayesoma uchumi chuoni, ndiye aliyepekua kwenye intaneti mpaka akaijua ile menyu waliyoificha kwa ajili ya waganga wa hospitali. Akaweka karatasi ya Johannesburg mezani, akashusha nguvu mpaka 11. Tumbo likatulia, baba yake akaanza kulala. Nyinyi mnaita hiyo ujasiri. Mimi nilimwona mtoto vidole vinatetemeka juu ya mashine ya kupumulia ya baba yake, ananiuliza, "Mama, na nikikosea?" Sikuwa na la kumjibu. Wako wagonjwa ambao koo lao halina shida, ubongo wenyewe ndio unaochelewa kutuma amri ya kupumua, na kwao hewa ya namna hii inaweza isisaidie kitu au ikazidisha tatizo. Mtoto wa uchumi atawatofautisha vipi?

Halafu umeme. Katanga yetu ya zamani ina mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na laini ya Inga inafika Kolwezi. Migodi inawaka usiku kucha, sisi tunakaa na delestaji, umeme wa kukatwa kwa zamu. Umeme ukikatika saa saba za usiku, mashine inanyamaza na mume wangu hasikii. Ninayesikia ni mimi, kwa sababu ule mvumo ukikoma naamka kabla ya yeye kuanza kukoroma. Nawasha tochi ya simu, nachomoa waya, nazima kile chombo cha kupasha maji kwa kuwa ndicho kinachokula moto zaidi, naunganisha batri ya gari na konvetisa, kile kifaa cha kugeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumbani, narudi kumvisha maski. Kiangazi kikifika, vumbi jekundu linaingia mpaka chumbani na kichujio kinakuwa rangi ya tofali. Vichujio navikata mwenyewe kutoka vikubwa tunavyotumiwa na shemeji. Kila asubuhi naosha maski na mpira kwa sabuni, naanika mahali pasipo jua. Hayo yote nayafanya na nitaendelea kuyafanya, ni mume wangu. Lakini hayo ni uuguzi, Bwana Mhariri, na uuguzi hufundishwa.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Mume wangu alipata nafasi kwa mwajiri mwingine. Wakamwambia vizuri kabisa, na nawaunga mkono: dereva aliyewahi kusinzia kwenye usukani hatapewa lori la tani nyingi mpaka alete karatasi ya mganga inayothibitisha kwamba tiba inafanya kazi. Uingereza wana sheria ya namna hiyo, dereva mwenye apnea inayomsinzisha mchana analazimika kuwaarifu watoa leseni, na anarudi barabarani ugonjwa ukishadhibitiwa. Ushahidi tulikuwa nao. Ndani ya mashine mna kadi ndogo kama ya simu, inaandika kila usiku amelala na maski saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, pumzi imekatika mara ngapi. Tukafunga mashine kwenye kitenge, tukaenda hospitali kubwa. Tukalipa fishi, ile karatasi ya kumwona mganga. Mapokezi wakatupeleka kwa mganga wa masikio na koo. Huyo akasema si kazi yake, twende kwa wa moyo. Kwa wa moyo, fishi nyingine, akampima presha, akaitazama kadi, akaigeuzageuza, akatuelekeza kwa wa mapafu, ambaye hakuwepo siku ile na hakuna aliyejua anakuja lini. Muuguzi mmoja aliyetuonea huruma akaniambia wazi, "Sisi hatuyue hii mashini, mama, ni kitu kipya." Kipya! Daktari Colin Sullivan wa Sydney aliwatibu wagonjwa wake wa kwanza kwa njia hii na kuyachapisha matokeo mwaka 1981. Mwanangu akafungua kompyuta yake pale kwenye benchi la korido, akawaonyesha michoro: usiku wote wa mwezi, pumzi inakatika mara tatu, mara nne kwa saa, mtu aliyekuwa na 41. Chini ya 5 ni kama mtu mzima wa afya. Nilichoomba ni mtu mmoja mwenye koti jeupe aangalie, asome, aweke sahihi na muhuri. Wakaniambia hawawezi kusaini kitu ambacho hawakukipima wao. Nikasema basi kipimeni. Wakasema hawana kifaa. Nikasema basi nani anacho? Wakaita mgonjwa mwingine. Lori likapewa mtu mwingine, na mume wangu siku hizi anakaa getini analinda magari ya watu, akiwa mzima, akiwa macho, kwa kukosa muhuri.

Na wakati hospitali zinashindwa kusoma kadi, maduka ya dawa hayashindwi kitu. Nenda kwenye famasi yoyote ya mtaani ueleze kwamba mume wako halali vizuri na anaamka kachoka. Watakuuzia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vidonge vimehesabiwa kwenye kikaratasi, bila hata kuuliza kama anakoroma. Jirani yangu alimnunulia mume wake hivyo hivyo, na yule bwana anakoroma na kukatika pumzi kama wangu alivyokuwa. Nilimwomba akavitupe. Kidonge kile kinalegeza koo ambalo tayari limelegea, na kinauchelewesha ubongo kumwamsha mtu anayekosa hewa. Lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, inafanya vilevile. Mtu anaweza kufa usingizini na watu wakatafuta mchawi katika familia. Wakaguzi wa dawa wanapita kukusanya kodi za vibali, hilo tunaliona. Rafu ya diazepamu wanaipita.

Ninachodai ni kidogo. Chumba kimoja katika hospitali moja ya serikali hapa mjini, Alhamisi mchana, kila wiki. Muuguzi mmoja aliyefundishwa, kompyuta moja yenye uwezo wa kusoma kadi hizo, kifaa cha kidoleni cha kurekodi oksijeni usiku ambacho watu watakiazima kwa dhamana na kukirudisha, sanduku la mito ya maski, ile sehemu laini inayogusa uso, ya saizi tatu, na daftari. Mganga apite saa tisa aangalie daftari na kusaini. Tutalipa fishi, moja. Wauzaji wa mashine walazimishwe kupitisha hapo kila mashine kabla ya kuiuza, namba iangaliwe, mipangilio ya mgonjwa wa zamani ifutwe. Sisi tuliojifunza kwa kukesha tuko tayari kuja kuwafundisha wengine kuosha maski na kuunganisha batri. Mimi nitakuja kila Alhamisi.

Mwandishi wenu naomba mmrudishe kazini juu ya habari hiyo hiyo. Safari hii asije kwetu kupiga picha. Aende kwa wakubwa wa afya wa jimbo, aweke kadi mezani, aulize ni mganga gani hapa Haut-Katanga anayeweza kuisoma na kuisaini, na jina la hospitali mlichape kwenye ukurasa wa kwanza. Mwajiri amesema nafasi nyingine itafunguka mvua zikianza.

Mke wa dereva,
Komini ya Katuba, Lubumbashi